Leontyne Price: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha, kazi na sauti yake

Leontyne Price ni nani?

Ni mwimbaji wa opera kutoka Marekani, mwenye sauti ya soprano, aliyezaliwa tarehe 10 Februari 1927 katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi. Opera za Giuseppe Verdi, mtunzi wa Italia, zilimpata mwenyewe: Aida, na wale Leonora wawili, wa *Il trovatore* na wa *La forza del destino*. Aliimba kwenye jukwaa la opera tangu 1952 hadi 1985, kisha akaendelea na matamasha ya peke yake na mpiga piano hadi 1997. Jina lake hutamkwa “Li-on-tin”, na hilo “tin” la mwisho huvutwa kidogo.

Alikulia katika mazingira gani?

Baba yake, James, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mama yake, Katie, alikuwa mkunga na mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Mtoto alianza kujifunza piano akiwa mdogo sana, na kanisani ndiko alikozoea kusimama mbele za watu. Mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 9, alipelekwa Jackson, makao makuu ya jimbo, kumsikiliza Marian Anderson, mwimbaji mweusi mwenye sauti nzito ya kontralto aliyekuwa tayari na jina Ulaya na Marekani. Hapo ndipo alipoona kwa macho yake kwamba mwanamke mweusi anaweza kusimama peke yake jukwaani, amevaa gauni refu, akaimba Kijerumani na Kiitaliano, na ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza.

Nani alimlipia masomo?

Mifuko kadhaa. Alianza katika chuo cha Wilberforce, Ohio, akisomea ualimu wa muziki, akamaliza 1948. Ualimu ulikuwa njia ya uhakika ya kupata mkate kwa msichana mweusi wa Kusini mwenye kipaji cha muziki, na opera haikuwa hata kwenye mpango. Alipopata nafasi katika shule ya muziki ya Juilliard, New York, Paul Robeson, mwimbaji mweusi mashuhuri wa Marekani, aliimba kwenye tamasha la kumchangia ada. Familia ya Chisholm, matajiri wa kizungu wa Laurel ambao shangazi yake alikuwa akiwafanyia kazi za nyumbani, nayo ilitoa sehemu kubwa. Elizabeth Chisholm alikuwa amempigia piano tangu utotoni.

Juilliard alifundishwa nini hasa?

Mwalimu wake alikuwa Florence Page Kimball, na walibaki pamoja miaka mingi baada ya shule. Ukitaka kuelewa maisha yote ya Price, shika kanuni moja aliyoitoa kwa mwalimu huyu: mwimbaji ale faida, asile mtaji. Kila mtu ana kiasi fulani cha sauti. Jioni ya onyesho unatumia ile ziada inayotokana na pumzi nzuri, usingizi na mazoezi. Ukianza kuchota kwenye shina lenyewe, utavuma miaka mitano na koo litakwisha. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye kanuni hiyo, kwa sababu karibu kila uamuzi wake mkubwa ulihusu nini cha kukataa.

Naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Je, sauti yangu ni sawa na yake?

Ukoo ni mmoja, kazi ni tofauti. Katika kwaya zetu sauti ya kwanza hushika wimbo, na mara chache hupanda juu ya sol au la iliyo juu ya mistari mitano. Soprano wa opera anatakiwa kufika do ya juu, yaani oktava mbili juu ya do ya katikati ya piano, kwenye mitetemo kama 1,047 kwa sekunde, bila maikrofoni, na okestra nzima ikiwa mbele yake kwenye shimo la wanamuziki chini ya jukwaa.

Tena soprano wenyewe wamegawanyika. Wapo wepesi, wenye sauti kama kinubi, wanaoruka noti za haraka. Wapo wazito wa opera za Wagner, mtunzi wa Ujerumani. Price yuko katikati, kwenye kundi ambalo Waitaliano huliita *lirico spinto*: sauti laini yenye uwezo wa kusukumwa ikapita juu ya tarumbeta bila kugeuka kelele. Aina hii ni adimu, na ndiyo Verdi aliyoiandikia sana.

Upekee wa Price uko juu. Waimbaji wengi sauti huwa nyembamba na kali kadiri wanavyopanda. Yake ilikuwa ikifunguka na kupata mng’aro. Chini, kwenye sauti ya kifua, kulikuwa na ukungu, kama moshi, na wapo ambao hawakuupenda.

Alianzia wapi kuimba mbele ya umma?

Mwaka 1952 aliimba kama Alice Ford katika *Falstaff* ya Verdi pale Juilliard. Mtunzi Virgil Thomson alimchukua mwaka huohuo kwa opera yake *Four Saints in Three Acts*, na mara baada ya hapo akapata nafasi ya Bess katika *Porgy and Bess* ya Gershwin, akazunguka nayo miji ya Marekani, kisha Vienna, Berlin, London na Paris. Porgy aliimbwa na William Warfield. Walifunga ndoa Agosti 1952, siku chache kabla ya safari ya Ulaya. Kazi zikawatenganisha mapema, na talaka rasmi ikaja 1973.

Bess ilikuwa mlango na pia mtego. Mwimbaji mweusi aliyefanikiwa katika *Porgy and Bess* aliweza kuombwa kuirudia maisha yake yote, kana kwamba hawezi lingine. Price alitoka kwa kushikamana na muziki wa kisasa wa piano na sauti. Tarehe 30 Oktoba 1953, katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, aliimba kwa mara ya kwanza kabisa *Hermit Songs* za mtunzi wa Marekani Samuel Barber, Barber mwenyewe akiwa kwenye piano. Urafiki huo ulidumu hadi kifo cha Barber.

Je, alikuwa mweusi wa kwanza kuimba Metropolitan Opera (Met), nyumba kuu ya opera ya New York?

Hapana, na kosa hili limeenea mno. Wa kwanza ni Marian Anderson, tarehe 7 Januari 1955, akiwa Ulrica katika *Un ballo in maschera*. Siku 20 baadaye alifuata Robert McFerrin, mwanamume wa kwanza. Mattiwilda Dobbs aliimba Gilda 1956, na Gloria Davy akaimba Aida 1958.

Price alipofika 1961 mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Alichofanya yeye ni kukaa: alikuwa mweusi wa kwanza kuwa nguzo ya nyumba ile mwaka baada ya mwaka, mwenye kufungua msimu, mwenye tiketi zinazoisha kwa jina lake. Anderson alipewa nafasi hiyo akiwa na miaka 57, sauti ikiwa imeshachoka. Price aliingia akiwa na 33, karibu atimize 34.

Ni kweli Met walimwita mapema akakataa?

Ndiyo. Rudolf Bing, mkurugenzi wa Met, alimpa maonyesho ya Aida mwaka 1958. Peter Herman Adler, kondakta wa opera za televisheni ya NBC, alimshauri akatae, kwa hoja kwamba mwanamke huyu asiingie kwenye nyumba ile kwa mara ya kwanza akiwa mtumwa. Aida ni binti wa mfalme, lakini katika hadithi ni mateka anayemtumikia binti wa Farao. Price alikubaliana naye.

Badala ya kungoja New York, alikwenda kuimba Aida ileile pengine. Herbert von Karajan, kondakta wa Austria, alimpeleka Opera ya Taifa ya Vienna, Mei 1958. Julai akaimba Covent Garden, London. Mei 1960 akaimba La Scala, Milano, nyumbani kwa Verdi. Aliporudi New York tarehe 27 Januari 1961 alikuwa Leonora wa *Il trovatore*, mwanamke wa heshima katika kasri la Hispania, na bei yake ilikuwa nyingine.

Usiku huo ulikuwaje?

Yeye na Franco Corelli, tenor wa Italia, walianza Met usiku mmoja. Leonora ana nyimbo mbili ngumu zilizo mbali: moja mapema, ambapo koo halijapata moto, na nyingine, “D’amor sull’ali rosee”, kwenye sehemu ya nne, ambapo mwili umechoka na noti zinataka kuelea polepole. Ukijitumia mapema, ile ya pili itakuumbua. Price alizimudu zote mbili. Makofi ya mwisho yalipita nusu saa.

Ni kweli sauti ilimpotea jukwaani?

Ndiyo. Oktoba 1961 alifungua msimu wa Met akiwa Minnie katika *La fanciulla del West* ya Puccini. Msimu wenyewe ulikuwa nusura usiwepo kwa mgogoro wa mishahara ya wanamuziki, hadi Waziri wa Kazi Arthur Goldberg alipoingilia kusuluhisha. Onyesho la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, katikati ya sehemu ya pili, sauti ilianza kukatika mpaka ikaisha, na Price akayasema maneno badala ya kuyaimba hadi pazia likashuka. Dorothy Kirsten aliitwa haraka akaimba sehemu ya tatu.

Sababu zilikuwa mbili zilizokutana. Alikuwa na maambukizi ya virusi, na alikuwa amechoka baada ya mwaka wa kazi mfululizo. Nyongeza ya tatu ni nafasi yenyewe: Minnie anaimba muda mrefu katikati ya sauti, kwa nguvu, kama mtu anayezungumza kwa kupaza, huku vyombo vya shaba vikimfunika. Hapo ndipo soprano anakula mtaji. Alipumzika, kisha akarudi jukwaani.

Opera ya kufungua jengo jipya la Met, 1966, iliharibika kwa nini?

Barber aliandika *Antony and Cleopatra* kwa ajili ya sauti ya Price, na tarehe 16 Septemba 1966 ikafungua jengo jipya la Lincoln Center lenye viti karibu 3,800. Mpangaji wa jukwaa, Franco Zeffirelli, alijaza watu, wanyama na mapambo makubwa. Jukwaa la kuzunguka, fahari ya jengo jipya, lilielemewa na uzito kwenye mazoezi likaharibika. Kwenye mazoezi ya mwisho Price alikwama ndani ya piramidi iliyokataa kufunguka, akiwa amevaa vazi zito na kilemba kikubwa.

Wakosoaji waliishambulia opera, na Barber akaumia sana. Lakini muziki wa Cleopatra ni mzuri kweli, na anayeuhukumu kwa piramidi iliyogoma anaukosea. Price aliendelea kuimba matukio mawili yake kwenye matamasha na akayarekodi. Yasikilize, hasa lile la kifo.

Baada ya hapo alipunguza opera kwa makusudi, akaongeza matamasha ya piano. Hilo lilimwongezea miaka.

Ubaguzi ulimfikia vipi?

Januari 1955 NBC ilirusha *Tosca* moja kwa moja, Price akiwa Tosca, na vituo kadhaa vya Kusini vilikataa kuionyesha. Hakukuwa na kosa lolote katika uimbaji. Tatizo lao lilikuwa mwanamke mweusi kupendwa na mwanamume mzungu kwenye runinga. Mwaka 1964, Met ilipokwenda Atlanta, aliimba Donna Anna katika *Don Giovanni*, mweusi wa kwanza kuimba nafasi kuu na kampuni hiyo Kusini. Mwaka huohuo alipewa Nishani ya Rais ya Uhuru.

Hiyo Aida inahusu nini, na kwa nini “O patria mia” inaogopwa?

Aida ni binti wa Amonasro, mfalme wa Ethiopia, aliyechukuliwa mateka Misri, akampenda Radamès, jemadari wa maadui wa baba yake. Opera ilionyeshwa mara ya kwanza Kairo, 24 Desemba 1871. Sehemu ya tatu ni usiku, ukingoni mwa Nile. Aida anamngoja mpenzi wake na kuikumbuka nchi yake: mbingu ya buluu, hewa tamu, vilima vya kijani ambavyo hatavitia machoni tena. Anayejua mto huo unatoka wapi ataelewa kwa nini Verdi amemweka pale: sehemu ya maji yanayopita miguuni pake yametoka kwao.

Wimbo na utangulizi wake ni kama dakika 6 hadi 7. Fuata hivi unaposikiliza. Kwanza zumari la obo linaingia peke yake, kama mtu anayepiga filimbi mbali. Kisha sauti inaanza katikati, taratibu, na kuzunguka kwa muda mrefu kwenye mi, fa na sol, mahali ambapo sauti huvuka kwenda kichwani na koo hutaka kubana. Beti ni mbili zinazofanana, kwa hiyo uchovu unajengeka bila wewe kuona. Karibu na mwisho mstari unapanda, ngazi kwa ngazi, hadi do ya juu, na Verdi ameandika pale “dolce”, kwa utamu. Do ya kupiga kelele wengi wanayo. Do ya utamu baada ya kazi yote hiyo ni jambo jingine.

Yanayoharibika ni haya: mwimbaji anavuta pumzi nyingi kupita kiasi kabla ya kupanda, kifua kinajaa, hewa inasukuma koo, au pumzi imekwisha na noti inashuka chini ya sauti yake, au taya linakaza na mwanya unafungwa. Price alipanda kama anayeendelea na sentensi. Hata katika onyesho lake la kuaga, Met, 3 Januari 1985, akiwa anakaribia miaka 58, wimbo huu ulipokwisha okestra ililazimika kungoja dakika kadhaa makofi yapungue. Lilirushwa moja kwa moja na televisheni ya umma ya Marekani, kwa hiyo video ipo.

Mbona siyashiki maneno anapofika juu?

Hata Mwitaliano hayashiki. Irabu hutambulika kwa mwangwi wa mdomo: “i” na “u” zina mwangwi wa kwanza kwenye mitetemo kama 300, “a” karibu 800. Noti yenyewe ikishapita hapo, irabu haina tena kitu cha kuibeba, na zote huelekea “a”. Siyo uzembe. Soma maneno na tafsiri yake kabla, uweke kando, kisha sikiliza.

Nianze na rekodi zipi?

Kwa utaratibu huu:

- *Aida* iliyoongozwa na Georg Solti, iliyorekodiwa Roma mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jon Vickers akiwa Radamès. Anza na sehemu ya tatu peke yake.
- *Tosca* ya Karajan, Vienna, 1962. Hapa utasikia sauti ya kifua ikitumika kwa hasira.
- *Requiem* ya Verdi, filamu ya La Scala ya 1967, Karajan akiongoza, pamoja na Fiorenza Cossotto, Nicolai Ghiaurov na Luciano Pavarotti akiwa bado kijana. Ndiyo njia nzuri ya kumwona anavyovuta pumzi.
- Mfululizo wa *Prima Donna*, nyimbo moja moja kutoka opera nyingi, nyingine za nafasi ambazo hakuwahi kuziimba jukwaani.

Usitumie spika ya simu. Spika ndogo hukata sauti za chini, na okestra ikitoweka huwezi kujua alikuwa akishindana na nini. Hata vipokea sauti vya masikioni vya bei ndogo ni afadhali.

Ana kasoro gani?

Wakosoaji walitaja uigizaji: alisimama vizuri, lakini mara nyingi alisimama tu. Miaka ya baadaye alizoea kuteleza kati ya noti, na ule moshi wa chini ukaongezeka. Ni kweli yote. Hata hivyo sauti ya juu ilibaki safi akiwa na umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshanyamaza.

Alipata tuzo gani?

Grammy 13, na juu ya hizo ile ya heshima ya maisha yote, 1989. Heshima ya Kennedy Center 1980. Nishani ya Taifa ya Sanaa 1985.

Aliimba tena baada ya 1985?

Kwenye matamasha, ndiyo, hadi Novemba 1997. Mara ya mwisho inayokumbukwa ni Carnegie Hall, 30 Septemba 2001, kwenye kumbukumbu ya waliouawa tarehe 11 mwezi huo. Alikuwa na miaka 74. Aliimba “This Little Light of Mine”, wimbo wa kanisani kwao, halafu “God Bless America”.

Nataka kuwasikilizisha wanakwaya wangu. Nifanyeje?

Usianze na opera. Chukua albamu yake ya Krismasi ya 1961, *A Christmas Offering*, Karajan na Vienna Philharmonic, kwa sababu nyimbo kadhaa wanazijua tayari. Weka “Silent Night”, ambao wao wanauimba “Usiku Mtakatifu”. Mara ya kwanza wasikilize tu. Mara ya pili kila mmoja awe na penseli na karatasi ya maneno, atie alama kila Price anapovuta pumzi. Wahesabu pumzi zake, kisha waimbe wenyewe wahesabu zao. Wengi watakuta wanakata katikati ya neno mahali ambapo yeye anapita.

Usiwaruhusu kumwigiza. Anayejaribu kutoa ukubwa wa sauti ile bila mafunzo hukaza shingo na kusukuma ulimi nyuma, na kesho yake anaamka amekauka. Waige sehemu za pumzi tu, kwa sauti ya chini, dakika 10 hadi 15, na atakayehisi mkwaruzo kooni aache hapohapo anywe maji.